Zany: hamali ndani ya neno

Waingereza wana neno zany, na kila ninapoulizwa maana yake hujibu: uchale. Ni vituko vya mtu anayekuvunja mbavu hata kabla hajafungua kinywa. Wapo wanaolitafsiri kuwa upumbavu, nami nakataa kabisa. Mpumbavu huchekwa, chale huchekesha, naye anajua anachokifanya.

Asili yake ni jina la mtu. Limetoka kwenye zanni la Kiitalia, na zanni si kingine ila Giovanni, yaani Yohana, lilivyotamkwa Venice na Lombardia. Katika karne ya 16 maskini wengi wa milima ya Bergamo waliteremka Venice kutafuta riziki, wakaishia kuwa mahamali na watumishi. Wenyeji waliwacheka kwa lahaja yao na ushamba wao. Waigizaji wa commedia dell'arte, mchezo wa jukwaani wa barakoa na maneno ya papo kwa papo, wakamchukua hamali huyo wakamfanya mhusika aitwaye Zanni, yaani Yohana: nguo nyeupe zinazopwaya, barakoa ya pua ndefu, na njaa isiyokwisha. Bwana wake mara nyingi ni Pantalone, mfanyabiashara bahili.

Kituko cha Zanni ninachokipenda kuliko vyote ni cha nzi. Njaa imembana, ndani hamna kitu, basi anamwinda nzi, anamnasa, anamnyofoa mbawa, kisha anamla kwa madaha kama aliyeketi karamuni. Watu walicheka hadi machozi. Lakini tazama wanachokicheka: tumbo tupu la mtu aliyeacha kwao kwenda kubeba mizigo ya wengine. Mchekeshaji anayelijua hilo ndiye anayenigusa.

Kiingereza kililipokea neno mwishoni mwa karne hiyohiyo, na Shakespeare analo. Wakati huo zany alikuwa msaidizi wa chale, anayemwiga bwana wake vibaya ili watu wacheke zaidi. Leo limebaki sifa nyepesi ya katuni na matangazo, njaa yote imefutika.

Nguo za Arlecchino, zanni maarufu kuliko wote, zilipita njia hiyohiyo. Mwanzoni zilikuwa viraka vya rangi mbalimbali, vilivyoshonwa ovyo kama vya mtu asiye na nguo nyingine. Baadaye mafundi wakavipanga vikawa pembenne safi zinazolingana, na hivyo ndivyo tunavyovijua sasa: pambo.