Kilo 37 za Springi Moja

Pikapu yangu ilifika mahali ikawa inasujudu. Ukikanyaga breki, pua inazama, ukivuka tuta, mbele inagonga "kodoo!" na waliokaa kwenye bodi wanakutajia mama yako. Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja mafuta zote mbili, na springi zimechoka. Msimu wa korosho nao huo unakuja, na kushuka na magunia kutoka Newala na Tandahimba kwa gari la namna hiyo ni kuitafutia familia yako arobaini.

Nikanunua shokapu mbili na springi mbili, kwa sababu fundi wangu habadilishi upande mmoja hata umlilie. Yuko Chikongola, Mtwara mjini, chini ya mkorosho, na ana tabia moja inayowakera wateja: hana haraka. Kwanza alitia mawe kwenye matairi ya nyuma, mbele na nyuma yake. Akapiga jeki, akaweka stendi mbili chini ya chesisi, kisha akaisukuma gari kwa bega aone kama itayumba.

"Jeki ni ya kunyanyulia tu," akamwambia dogo anayejifunza kwake. "Roho yako unaiegesha kwenye stendi."

Tairi likatoka. Linki ya stabilaiza ikafunguliwa, boljointi la juu likagongwa mpaka likaachia, bolti kubwa la chini likachomolewa, mwisho zile nati tatu za juu ndani ya boneti. Katikati yake kuna nati ya nne. Nilipoisogezea spana ili nisaidie, nikapigwa kofi la mkono mbele za watu.

"Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiondoke na kichwa chako, mjomba. Haiguswi kabla springi haijabanwa."

Vibanio alikuwa ameviazima: vyuma viwili virefu vyenye nyuzi, na makucha juu na chini. Akavifunga vikitazamana, akawa anazungusha huku kidogo, kule kidogo, kwa spana ya mkono. Mpita njia mmoja akauliza kwa nini asitumie mashine ya upepo amalize chapchap. Hakujibiwa. Fundi akiwa anabana springi hapokei hata simu ya mkwe. Springi ikasinyaa taratibu mpaka ikawa inacheza kwenye kiti chake, ndipo nati ya katikati ikafunguliwa na shokapu kuukuu ikachomoka kwa amani. Springi ikabaki na vibanio vyake, fupi, kimya, mtego uliotegwa.

Kabla hajaanza kuilegeza, adhana ya Ijumaa ikalia. Fundi akailaza chini, ncha moja ikitazama ukuta na nyingine ikitazama shina la mkorosho, akamwambia dogo: "Linda hapa. Kaa mbali nayo. Usiiguse." Tukavaa kanzu tukaenda msikitini.

Tuliporudi, dogo alikuwa amekaa mbali kama alivyoagizwa, anakula ming'oko. Springi haipo.

"Kapita kijana wa vyuma chakavu," akasema. "Kaibeba."

"Na wewe ukamwangalia?"

"Ulisema nisiiguse, fundi. Sasa ningemnyang'anya vipi bila kuigusa?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akakunja kanzu akatoka mbio. Nami nyuma yake. Mkokoteni ulikuwa mbele unadunda kwenye mashimo, na kila ulipodunda fundi alishika kichwa. Kijana mwenyewe ana waya masikioni, anatikisa kichwa kwa muziki.

"Simama!" fundi akapiga kelele. Halafu akakumbuka. "Lakini usisimame kwa nguvu!"

Ukiwaona watu wazima wawili wamevaa kanzu wanamkimbiza mtu mchana, huulizi swali la pili. Bodaboda wakawasha pikipiki. Mmoja tayari kaokota tofali. "Mwizi huyo!"

"Si mwizi!" fundi akalia. "Msimguse! Kabeba springi imebanwa, ikifyatuka inaua!"

Neno "inaua" likafanya kazi ambayo polisi wangeifanya nusu saa. Barabara ikawa nyeupe. Mama wa mihogo akaiacha karai motoni, mwenye tofali akalitupa akaingia dukani kwa mtu asiyemjua. Tukabaki sisi, na kijana anayetikisa kichwa, akaingia zake uani kwa mnunuzi wa skrepa.

Tulipofika, mnunuzi alikuwa ameshaitundika kwenye ndoano ya mizani ya saa, na spana mkononi. Alikuwa anataka kuvitenganisha vile vyuma virefu, maana kaviona bado vizima. Fundi akaruka nyuma ya friji bovu, nikamfuata.

"Mjomba! Weka spana chini, tafadhali!"

"We nani?"

"Mwenye springi!"

"Mwenye mali gani anajificha nyuma ya friji?"

Swali zuri, na hatukupata nafasi ya kulijibu. Alizungusha nati ya upande mmoja tu, mara moja, mara mbili, na upande wa pili haujaguswa. Springi ikaanza kujipinda. Ukucha mmoja wa kibanio ukateleza kwenye pingili ya springi. Kilichofuata nilikisikia tu, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho: "Paaa!", halafu kioo, halafu mabati, halafu kuku wa jirani.

Nilipochungulia, mnunuzi alikuwa amekaa chini mzima, anajihesabu vidole kwa sauti. Springi imeingia kwenye pipa, ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Uso wa mizani umebonyea, na mshale umekwama kwenye 37.

Mimi springi ile sikuitaka; ilikuwa takataka yangu mwenyewe. Tulichotaka ni vibanio, maana bila hivyo zile mpya haziingii, na vina mwenyewe anavisubiri. Lakini mtu akishanusurika kifo hupenda biashara.

"Ni mzigo mmoja," akasema. "Siuzi nusunusu. Kilo ni elfu moja."

Fundi akaitoa springi kwenye pipa, akaipima kwa mkono. "Hii haifiki hata kilo kumi, mjomba."

"Bishana na mizani."

Tukaitazama mizani. Haikuwa na kitu kwenye ndoano, na bado ilisema 37. Nikalipa elfu thelathini na saba.

Fundi alivikagua vibanio uzi kwa uzi, makucha yote, akatia grisi, ndipo akakubali kuvitumia tena. Springi mpya zikaingia bila neno, mkia wa kila moja ukikaa kwenye kidaraja chake. Gari likaenda alaimenti, kunyooshwa matairi, siku iliyofuata. Kwenye karatasi ya hesabu ya fundi niliona kazi ya shokapu, kazi ya springi, grisi, na mstari wa mwisho: "Mbio – 5,000."

"Fundi, hata mimi nilikimbia."

"Wewe ulikuja kwa hiari yako," akasema, akinyoosha mkono.