Boksi la spika kwa amplifaya ya kidijitali: tujenge au tununue?

Spika ya kawaida ya gitaa, ile ya inchi 12, ni chujio. Chukua Celestion Vintage 30: ikivuka 5,000 Hz (mitetemo 5,000 kwa sekunde) sauti yake inaporomoka, na kabla ya hapo ina kilima kinachoifanya solo ipenye katikati ya bendi. Tumelizoea chujio hilo hadi tukaliita sauti ya gitaa. Kisha zikaja amplifaya za kidijitali, kuanzia POD ya Line 6 mwaka 1998 hadi Kemper na Helix za siku hizi. Mashine hizi haziigi amplifaya peke yake. Huiga pia kabineti, yaani boksi la spika, na hata maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Ukiipeleka sauti hiyo kwenye spika ya gitaa inachujwa mara mbili, inatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukizima kabineti ya kuigwa halafu ukachomeka kwenye spika ya muziki, distoshoni inalia kama nyuki ndani ya debe.

Dawa yake ni spika ya sauti sawia, isiyoongeza wala kupunguza kitu katika masafa ambayo gitaa hutumia. Wapiga gitaa wanagawanyika hapa. Wapo wanaosema nunua spika ya muziki yenye amplifaya ndani, kama zile za makanisani na kwenye harusi, yaishe. Wengine wanasema jenga. Mimi nimepigia za kununua kwa miaka na nimejenga moja, na naona kujenga kunamfaa yule tu aliye tayari kupima. Useremala ndio sehemu nyepesi.

Hoja ya wajenzi yenye uzito zaidi ni mahali masikio yalipo. Spika nyingi za muziki zimebuniwa zikae juu ya stendi na kuwafikia watu walio mbali. Mpiga gitaa anasimama mita moja na nusu kutoka kwenye boksi, nalo liko chini miguuni pake. Koni ya sauti nene iko chini, honi ya sauti nyembamba iko juu yake, na pale krosova, saketi ya kugawa masafa, inapogawa kazi kati ya hizo mbili, sauti zao hufika sikioni kwa nyakati tofauti kidogo na kufutana. Ukiinama kukanyaga pedali sauti ni nyingine, ukiinuka ni nyingine. Mjenzi anaweza kulikwepa tatizo hili kwa kuchagua spika ya mhimili mmoja, ambayo honi yake imekaa katikati ya koni. Celestion F12-X200 ni ya aina hiyo: wati 200, 60 Hz hadi 20,000 Hz, krosova imo ndani yake, na inaingia kwenye tundu la spika ya kawaida ya gitaa.

Boksi lenyewe halihitaji miujiza. Plaiwudi ya milimita 18, nafasi ya ndani sentimita 45 kwa 40 kwa 30, unapata lita 54 kabla ya kutoa nafasi inayoliwa na spika na mihimili ya ndani. Mgongo wazi usahau, kwa sababu sauti ya nyuma inazunguka na kuila besi ya mbele. Kuhusu tundu la hewa, hesabu za Thiele na Small, za kupanga boksi kulingana na spika, zipo na programu za bure zinakufanyia, lakini mimi ningeziba boksi kabisa. Waya wa chini wa gitaa ni 82 Hz. Chini ya hapo ni shamba la besi na ngoma. Tundu lililokosewa huweka uvimbe karibu na 100 Hz, na kila ukigusa waya wa A, ambao ni 110 Hz, jukwaa zima linavuma.

Boksi langu nililipima uani usiku, kelele za mtaa zilipotulia. Nililiweka juu ya meza, maikrofoni mita moja mbele, vyote viwili kama mita moja kutoka chini. Mchoro ukaonyesha shimo kubwa karibu na 140 Hz. Nilifungua boksi, nikaongeza sufi, nikakaza skrubu zote, shimo likabaki palepale. Siku ya pili nikaliteremsha boksi chini na kulaza maikrofoni kwenye sakafu. Shimo likatoweka. Ilikuwa sauti inayogonga ardhi na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa, nami nilikuwa karibu kulikata boksi zima upya. Nilichokuta kweli kina kasoro ni bati la soketi nyuma, lililokuwa linavuja hewa na kupiga mluzi.

Kwa hiyo siwabezi wanaonunua. Kiwanda kina chumba kisicho na mwangwi, kina mfumo wa kidijitali ndani ya spika unaosawazisha sauti, na kina kinga isiyoruhusu twita, spika ya sauti nyembamba, kuungua mtu akizidisha. Mjenzi wa nyumbani asiyepima anabahatisha tu, na boksi lake linaweza kupendeza kwa macho huku sauti yake ikiwa imepinda kuliko ya spika aliyoikimbia.

Kuna malalamiko mengine ambayo boksi lolote haliwezi kuyatibu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi na sauti kali kwa unyonge pale sauti inapokuwa ndogo. Sauti uliyoitengeneza chumbani usiku, kwa upole, ikipanda jukwaani inavimba chini na kuchoma juu. Watu wengi wameuza spika nzuri kwa kosa hili. Na anayekosa ule msukumo wa hewa kwenye miguu ya suruali analalamika kihalali, maana kabineti ya kuigwa ni sauti ya maikrofoni iliyokaa sentimita chache mbele ya koni. Huyo atafaidi zaidi kabineti ya kawaida, amplifaya ya nguvu, na sehemu ya kuiga kabineti ikiwa imezimwa.

Anayepiga solo safi ya rumba, au anayebadilisha gitaa la umeme na la kavu katika onyesho moja, ndiye ninayemwona akihitaji sauti sawia hasa. Kabla hajakata plaiwudi, aazime spika ya muziki kwa mazoezi ya siku moja, ailaze chali kidogo imwelekee usoni, kisha atengeneze sauti zake upya kwa ukubwa ule ule wa jukwaani. Ikiwa baada ya hapo kinachomsumbua ni sauti kubadilika kila anaposogeza kichwa, basi aagize spika ya mhimili mmoja, na maikrofoni ya kupimia iwe kwenye oda hiyo hiyo.