Miaka 9 kwa mume aliyekodi wauaji: aliyelipa na aliyelipwa, nani tumbane zaidi?

Kesi hii iliamuliwa Melbourne, Australia, lakini mtu wa Kigoma akiisikia anaona ni ya nyumbani. Mume ni Mkongo aliyekimbia vita, mke ni Mrundi. Kilichowakutanisha ugenini ni Kiswahili: mke hakujua Kiingereza, mume alikuwa amekwishakishika kiasi, akawa anamtafsiria. Watu wa namna hiyo tunao kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tunao mitaani kwetu Mwanga na Ujiji, na wengine tumeoana nao. Majina yao yametangazwa sana, lakini kwa ninachotaka kusema hayana kazi.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 mke alikwenda Bujumbura kumzika mama yake wa kambo. Akiwa hotelini, mumewe akampigia simu na kumshauri atoke nje apunge upepo. Alipotoka akakutana na mtu mwenye bastola. Watekaji wakampeleka kwenye nyumba, wakamfunga kwenye kiti, kisha wakampigia simu aliyewatuma na kuweka spika. Sauti iliyotoka ikisema auawe ilikuwa ya mumewe.

Hawakumuua. Walidai wao hawaui wanawake, na kwamba mkubwa wao anafahamiana na kaka yake. Baada ya siku 2 wakamwachia, wakamkabidhi kadi ya kumbukumbu yenye mazungumzo yao na mume, pamoja na risiti za Western Union za dola 7,000 za Australia. Huko Melbourne mume alikuwa ameshatangaza kwamba mkewe amekufa kwa ajali, na msiba ukakaliwa. Usiku wa tarehe 22 Februari, alipokuwa akiwaaga waliokuja kumpa pole, aliyekuwa akiliwa matanga akamtokea nje ya nyumba, mzima.

Mume alikiri kosa la kuchochea mauaji. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Jimbo la Victoria ikampa miaka 9. Jaji Mkuu Marilyn Warren alieleza kwamba kama kazi ingekamilika, watoto 8 wangempoteza mama yao.

Je, miaka 9 inatosha? Tuseme lingetokea upande wetu wa ziwa, yaani Tanzania. Kanuni ya Adhabu yetu haimtengi aliyeshika silaha na aliyetoa pesa. Kifungu cha 22 kinamhesabu aliyeshauri au kumtuma mwenzake kuwa ametenda kosa mwenyewe. Mke angekufa, mume angeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na akipatikana na hatia adhabu ni moja, kunyongwa, jaji hana pa kupunguzia. Asipokufa, kujaribu kuua kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha, na kula njama ya kuua peke yake ni hadi miaka 14. Ukiweka miaka 9 pembeni ya hiyo, inaonekana kama adhabu ya mwizi wa ng'ombe.

Wanaoitetea hukumu wana hoja, tena si nyepesi. Mtu alikiri, mke hakuburuzwa kizimbani kueleza aibu ya ndoa yake mbele ya wageni. Damu haikumwagika. Na sheria ikimpa aliyekusudia tu adhabu ileile ya aliyeua, basi katikati ya njia hakuna anayeona faida ya kurudi nyuma. Wanaongeza kwamba ukali wetu wenyewe ni wa kwenye karatasi: Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya tisini, Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hatasaini mtu anyongwe, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo palepale Arusha ilitamka kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua inavunja haki ya kuishi.

Hoja hizo nazikubali mpaka zinapofika kwa mume huyu. Yeye hakurudi nyuma hata hatua moja. Alikuwa na muda wa kutosha wa kupiga simu na kusema acheni, akautumia kupokea rambirambi. Kwa anavyojua yeye, mke alishakufa. Kwamba alikuwa hai ni bahati ya mke na uamuzi wa watu wengine, na sioni kwa nini bahati hiyo ihesabiwe kwenye daftari la mume. Hata kukiri kwenyewe kulikuja baada ya kukana kwanza na kubanwa na simu iliyorekodiwa. Akajitetea kwamba alidhani mkewe atamkimbia kwa mwanamume mwingine, na kwamba wakati mwingine shetani humwingia mtu. Shetani gani huyu anayepanga foleni kutuma pesa na kuandikiwa risiti?

Ila kinachonisumbua zaidi ni wale wa Bujumbura. Kila kisa hiki kinaposimuliwa, wao ndio wanaotoka na sifa: majambazi wenye utu. Walimteka mtu kwa bastola, wakamfunga, wakamhoji, na pesa wakabaki nayo. Mtu akijisifu kwamba haui wanawake, muulize wanaume ni wangapi. Kwa sheria yetu kujitoa katikati ya kosa hakufuti kosa, kunaweza tu kupunguza adhabu, na nadhani hapo sheria imekaa sawa.

Lakini bila wao kesi isingekuwepo, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Watu wa Tabora na mikoa ya jirani wanajua vizuri biashara ya wakata mapanga waliokuwa wakikodiwa kuua vikongwe kwa jina la uchawi, mara nyingine nyuma yake kukiwa na shamba la urithi. Kwenye mauaji ya namna hiyo anayekamatwa kirahisi ni aliyekwenda na panga. Aliyetoa pesa anabaki kijijini, pengine ndiye aliyechimba kaburi. Makubaliano ni ya watu wawili, usiku, pesa taslimu, hakuna maandishi. Aliyelipwa akimtaja, ungamo la mshtakiwa mmoja haliwezi kumtia hatiani mwenzake likiwa peke yake. Na akiletwa kama shahidi, mahakama inamtazama kwa tahadhari kwa sababu ana lake la kuokoa. Sauti zilizorekodiwa na risiti ndizo zinazovunja ukuta huo. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ilimradi itazamwe ulivyotunzwa na kama unaaminika.

Basi serikali iafikiane na muuaji wa kukodiwa ili impate tajiri wake? Wengine wanasema hapana, utakuwa umefungua dirisha jipya la biashara: auze roho kwanza, kisha auze siri. Mimi nasema iafikiane, lakini na yule tu aliyeacha kabla mtu hajafa, na apunguziwe kifungo, asiachiwe. Tangu mwaka 2019 tunao utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, kwa hiyo mlango upo.

Na kuna upande wa tatu ambao haukuwahi kupanda kizimbani. Mke aliporudi na kushtaki, baadhi ya Wakongo wenzao wa Melbourne walimgeuka yeye. Alitumiwa vitisho, na siku moja alirudi akakuta mlango wa nyuma umevunjwa. Hapa kwetu nimeshasikia maneno ya jamaa zao hao: ni baba wa watoto, angeyamaliza ndani, wazee wangekaa. Wazee wanaweza kukaa kwa sababu ya mahari, kipigo hata ugoni. Kwa mtu aliyekaa msibani mwa mke aliyemlipia kifo, sioni wangeanzia wapi kikao, na anayemwambia mama huyo anyamaze angepaswa kuhojiwa na polisi kama mtisha shahidi mwingine yeyote.