Kulia ni Nani?

Baada ya arobaini ya baba yetu mdogo, wanafamilia tulikutana nyumbani kwake Temeke kulifungua sanduku la bati alilolihifadhi chini ya kitanda kwa miaka mingi. Humo tulikuta karatasi za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, stakabadhi za michango ya msikiti na, ndani ya bahasha ya kaki, picha moja nyeusi na nyeupe inayotosha kwenye kiganja. Katika picha hiyo baba mdogo, kijana mwembamba aliyevaa suruali ya bugaluu, amesimama juu ya jukwaa na anapokea boksi kutoka kwa bwana mnene aliyevaa suti ya Kaunda. Wameshikana mikono, lakini hakuna anayemtazama mwenzake. Wote wawili wameikodolea macho kamera. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio uliofifia, na zaidi ya hapo hakuna kitu.

Shangazi alisema hiyo ni Mei Mosi. Baba mkubwa akasema la, ni Saba Saba, kwa sababu anakumbuka vumbi la siku hiyo. Wakati wakubwa wanabishana, binamu yangu mmoja alikwisha kuipiga picha hiyo kwa simu na kuituma kwenye kundi la ukoo ikiwa na maneno haya: "Marehemu akitunukiwa nishani na Serikali." Pongezi zikaanza kumiminika, zikichanganyika na pole. Sikumlaumu sana, kwa kuwa alifanya kile ambacho wengi wetu tunakifanya tukikutana na picha ya zamani ya hafla: tunamtambua mkubwa, tunaona kitu kinabadilishana mikono, kisha tunatunga sentensi.

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Maoni yangu ni kwamba picha ya hafla ya serikali isiyo na maelezo yake ni kitu kilichokatika katikati, na kwamba kwa namna tulivyoandika maelezo hayo kwa miongo mingi, tumewahifadhi wanaotoa na kuwapoteza wanaopokea.

Yeyote aliyekua akisoma magazeti yetu anaijua lugha hiyo kama anavyojua salamu. Waziri fulani (kushoto) akimkabidhi zawadi mmoja wa wafanyakazi bora. Anayeshuhudia katikati ni Mkuu wa Mkoa. Wa pili kulia ni Meneja Mkuu wa shirika. Picha na Mpigapicha Wetu. Mgeni rasmi hutajwa jina na cheo, mwenyeji wake hutajwa, anayeshuhudia hutajwa hata kama kazi yake siku hiyo ilikuwa kupiga makofi tu, lakini yule ambaye hafla nzima iliitishwa kwa ajili yake hubaki kuwa "mmoja wa". Nilipokaa kwa siku mbili katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikifunua magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, nilikutana na "mmoja wa" huyo kila mahali: mmoja wa wakulima, mmoja wa wauguzi, mmoja wa wahitimu wa elimu ya watu wazima. Sikuhesabu, lakini baada ya saa chache nilianza kumwona kama mtu mmoja aliyezunguka nchi nzima akipokea majembe, redio na vyeti.

Kuna picha ambazo mambo yamekwenda kinyume, nazo zinafundisha kitu. Katika sherehe za uhuru wa Tanganyika za tarehe 9 Desemba 1961, hapa Dar es Salaam, katika uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, Mwanamfalme Philip, aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza, alimkabidhi Julius Nyerere hati za katiba. Kwa kanuni za itifaki, mkubwa pale alikuwa mtoaji. Lakini mwonyeshe mtoto wa shule ya msingi ya Manzese picha hiyo, naye atamtambua mpokeaji mara moja, kisha akuulize yule mzungu ni nani. Mpokeaji alibaki na jina kwa sababu baada ya siku ile yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuandikwa. Tangu hapo hadi alipong'atuka urais mwaka 1985 Mwalimu akawa upande wa wanaotoa, na picha zake akikabidhi, akivuta pazia la jiwe la msingi na akikagua gwaride ni nyingi mno, na watu walio mbele yake wakawa ndio wasio na jina.

Hata picha tunayoipenda kuliko zote haikusalimika. Picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mwaka 1964, imo katika vitabu vya shule, katika kalenda na katika mabango ya kila Aprili. Wapo pia katika tukio lile watu waliovibeba vile vyombo vya udongo. Waandishi wa habari walikuja kuwatafuta baadhi yao na kuwahoji baada ya miaka mingi sana, watu wakashangaa kwamba wapo, wana nyumba, wana wajukuu. Mshangao huo ulinisikitisha. Tuliwatazama kila mwaka na hatukuwa tumeuliza.

Sidhani kwamba kulikuwa na nia mbaya. Mpigapicha wa zamani aliyetumia filamu pana alikuwa na picha 12 tu kwa kila mkanda, na mwenye kamera ndogo alikuwa na 36. Kama wapokeaji walikuwa 50, hakuwa na anasa ya kumpiga kila mmoja, na baada ya kubonyeza alikuwa akikimbia mbele kumwahi mgeni rasmi kwenye meza ya vinywaji. Majina ya wakubwa alikuwa nayo tayari, yamechapwa kwenye ratiba ya shughuli. Jina la mpokeaji lilisomwa mara moja kwenye kipaza sauti chenye mikwaruzo, bendi ya Polisi ikipasha vyombo moto, na likapotea hapo hapo. Mhariri naye, aliyekuwa na nafasi ya mistari mitatu chini ya picha, alianza na cheo kirefu na alipofika kwa mpokeaji nafasi ilikuwa imekwisha. (Cheo kirefu kimeua majina mengi katika uandishi wetu, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Nishani za taifa zina afadhali, kwa kuwa waliotunukiwa huwekwa kwenye orodha rasmi, na hata picha ikikosa maelezo mtu anaweza kuifuata orodha. Hafla za chini yake ndizo zilizoachwa yatima. Mei Mosi za viwandani, siku za wazazi, mashindano ya usafi wa kata, vyeti vya kisomo: kumbukumbu zake zilikaa kwenye makabati ya viwanda na mashirika ya umma. Mashirika hayo yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, mitambo ilihesabiwa, majengo yalithaminiwa, na sijamsikia mtu aliyethamini albamu za ofisi ya utawala. Ndiyo maana nakala iliyobaki ya picha nyingi za namna hii ni ile iliyo chini ya kitanda cha mtu Temeke, Magomeni au Buguruni.

Nirudi kwenye sanduku letu. Niliichukua ile picha nikaikuza kwenye kompyuta, na badala ya kuwatazama wawili wa katikati nikaanza kutazama pembeni, na naomba kila mwenye picha ya aina hii afanye hivyo hivyo. Kwenye kipaza sauti kulikuwa na kibao chenye herufi RTD, za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na kitambaa kilichokatwa na ukingo wa picha, kikionyesha herufi WATA. Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania, JUWATA, iliundwa mwaka 1978 na ikadumu hadi 1991 ilipopokewa na OTTU, chombo cha wafanyakazi kilichochukua nafasi yake. Basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1978, na kwa kuwa kitambaa ni cha wafanyakazi, Saba Saba ya baba mkubwa ikaanza kuyumba mbele ya Mei Mosi. Alikubali shingo upande. Kwa binamu yangu jambo lilikuwa jepesi zaidi, kwani nishani hubandikwa kifuani na haitolewi ndani ya boksi lenye ukubwa wa kreti ya soda.

Lakini herufi zina kikomo, na watu ndio wenye habari. Shangazi alimkumbuka mzee mmoja wa Keko aliyefanya kazi na marehemu katika kiwanda cha nguo, tukamfuata. Mzee aliishika picha kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akaanza kutaja majina kutoka kushoto kwenda kulia kama anayeita rejista ya darasa. Bwana mnene, tuliyemdhani waziri, alikuwa kiongozi wa tawi la wafanyakazi. Boksi lilikuwa na redio. Na redio hiyo haikuwa ya baba mdogo. Ilikuwa zawadi ya zamu ya usiku, watu zaidi ya 30, iliyovuka lengo la uzalishaji, na ilikaa kwenye kantini hadi ilipoharibika. Aliyepaswa kupanda jukwaani ni msimamizi wa zamu, mwanamke ambaye siku hiyo alikuwa mjamzito wa miezi minane. Alizitazama ngazi za mbao, akamsukuma kijana aliyekuwa karibu naye. "Huyu hapa," alisema mzee, akiweka ukucha kwenye ukingo wa picha. Kwa kweli alikuwepo. Chini ya jukwaa, nyuma ya kiti, nusu ya uso na ncha ya kanga, mahali ambapo mimi niliyejifanya mpelelezi nilikuwa nimepapita mara kumi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali kuhusu mambo mawili, na nakubali kwamba ndugu zangu wamechoka kunisikiliza. La kwanza ni kukata picha. Vijana wanaoziweka picha za zamani mtandaoni huzikata zibaki sura mbili za katikati ili zionekane vizuri kwenye simu, na magazeti yalifanya hivyo muda mrefu kabla yao ili kuokoa nafasi. Kama mwenye studio angekata picha yetu kwa mtindo huo, msimamizi wa zamu asingekuwepo tena popote.

La pili ni programu za kupaka rangi. Watu wanafurahi sana kuona picha za Uhuru zikiwa na rangi, nami naelewa furaha hiyo, lakini nimeona picha inayoelezwa kuwa ya Desemba 1961 ambayo bendera yake imetiwa bluu. Bendera ya Tanganyika ilikuwa ya kijani, nyeusi na dhahabu. Bluu ilikuja na bendera ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1964. Kosa kama hilo linafunika kimojawapo cha vitu vichache ambavyo vingemsaidia mtu kuitambua tarehe. Anayetaka kupaka rangi apake, lakini aiweke na ile ya awali kando yake.

Kwa Idara ya Habari MAELEZO, iliyohifadhi picha za shughuli za serikali za miongo mingi, na kwa vyumba vya habari vyenye makabati ya aina hiyo, ombi langu ni dogo kuliko ombi la fedha. Picha inapochapishwa upya, pale ambapo mtu hajulikani, iandikwe hivyo: jina halijajulikana. Isiandikwe "mwananchi", wala "mmoja wa". "Mwananchi" humridhisha msomaji naye akapita zake, ilhali "halijajulikana" humfanya mjukuu fulani huko Mbagala asimame, atazame mara ya pili, na pengine aseme huyo ni bibi yangu.

Nyumbani kazi haina gharama. Picha itolewe kwenye fremu iwapo imeegemea kioo, kwa kuwa unyevunyevu wa mji huu huinatisha kwenye kioo na siku ya kuibandua sura hubaki huko. Negativu zinazonuka siki zitengwe na nyingine, maana plastiki yake imeanza kuoza na uozo huo huambukiza. Picha za rangi za miaka ya 1970, zile ambazo kila mtu sasa anaonekana mwekundu, zikopiwe kwanza kabla ya nyeusi na nyeupe, kwani hizi za pili ni ngumu zaidi. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hukwaruza na wino hupenya hadi mbele. Na aitwe mtu mzima wa kuyataja hayo majina wakati bado anaweza kuyataja, hata kama atatumia saa nzima kusimulia habari za kantini.

Yetu sasa ina mistari sita ya penseli nyuma. Tumeandika Mei Mosi bila mwaka, kwa sababu mzee wa Keko ana uhakika na mtoto aliyezaliwa wiki chache baadaye lakini hana uhakika alizaliwa mwaka gani. Msimamizi wa zamu tumemwandika wa kwanza. Mtu mmoja bado hajapatikana, wa pili kutoka kulia, mwenye kofia ya kiua na daftari kwapani. Mzee anasema alikuwa mtu wa ghala, alipenda sana bao, na alihamia Kigamboni. Jumamosi tunavuka na pantoni.