Kikao cha Harusi Kilipohamia Kwenye Gemu

Ukitaka siri zako zimwagike mbele ya ukoo mzima, usihangaike na pombe. Unganisha Steam Deck na TV ya sebuleni, kisha mwachie baba mkubwa aishike.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Wiki mbili kabla ya kikao cha tatu kompyuta yangu mpakato ilizima na haikuwaka tena, nikabaki na hiyo Steam Deck, kidude cha gemu cha kushika mkononi chenye skrini ya inchi 7. Wengi hudhani ni cha watoto. Ndani kina RAM ya GB 16 na mfumo wa SteamOS, ambao ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Ukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka menyu itokee, ukachagua Switch to Desktop, unaletewa KDE Plasma yenye mafaili na madirisha kama kompyuta yoyote ya ofisini.

LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka na majedwali, niliishusha kutoka duka la programu la humo humo, Discover. Shusha huko tu. Mfumo wenyewe umefungwa usiandikwe, na ukijifanya fundi ukaufungua na kuweka vitu kwa pacman, amri ya Linux ya kuweka programu, sasisho likija linavifagia vyote. Vya Discover vinabaki.

Kuandika ndiko kwenye shughuli. Kibodi ya kwenye skrini huitwa kwa kushika kitufe cha STEAM na kubonyeza X. Ikija inafunika karibu nusu ya skrini, unaandika bajeti huku huioni bajeti. Na kama programu ya Steam imefungwa, haiji kabisa. Nilihangaika nusu saa nikidhani X imekufa, kumbe Steam nilikuwa nimeifunga mwenyewe ili kuokoa RAM. Nikaenda Kariakoo kutafuta kibodi ya Bluetooth. Panya sikununua, maana pedi ya kugusa ya kulia inasogeza kishale na R2, kitufe cha nyuma kinapolala kidole cha shahada, ndiyo kliki. Ikumbuke hiyo R2.

Tundu la USB-C ni moja tu, liko juu, kwa hiyo chaja na TV haviwezi kuingia pamoja bila habu. Yangu ina HDMI, matundu mawili ya USB na njia ya kupitishia umeme. Chaja ya Deck ni ya wati 45. Ukichomeka ya simu ya kawaida inakulalamikia kwamba inachaji polepole. Nilikuja na chaja halisi, lakini soketi zilikuwa mbili na feni na TV zilishawahi. Nani atathubutu kuzima feni ya wazee Dar es Salaam mwezi wa Januari? Nikaanza na betri asilimia 60. Kwa kazi ya jedwali tupu hiyo inakufikisha mwisho wa kikao chochote cha watu wenye akili timamu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ndiyo kompyuta hiyo? Mbona kama usukani?"

Nikacheka, nikachomeka HDMI. Bajeti ikatokea kwenye inchi 55, ukumbi ukasomeka laki nne na nusu. Watu wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele. Ilibidi nieleze kwamba TV nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo, na kilichokatwa hapo ni sifuri ya mwisho. Dawa yake haiko kwenye Deck, iko kwenye rimoti: ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza. Sifuri ikarudi. Makofi hayakurudi.

Tukaingia kwenye ahadi. Kila mtu anasimama, anataja kiasi, mimi naandika. Watu 11 kwa dakika saba au nane, mjomba akifunga na laki tano iliyoshangiliwa mpaka akarudia kuitaja. Kuhifadhi faili? Mtu anaacheje kumpigia mjomba makofi akabonyeze Ctrl na S?

Mwenyekiti, ambaye ndiye huyo baba mkubwa, akaomba kuona ankara ya ukumbi. Nikalificha jedwali ili niifungue. Faili lile nilikuwa nimeliweka mwenyewe pale mbele, ubavuni mwa ikoni iliyoandikwa Return to Gaming Mode, ile inayokurudisha upande wa gemu. Kabla sijagusa kitu, mzee akaniwahi. "Hebu nikishike. Kizito?"

"Gramu 669," nikasema kwa fahari, kishale kikiwa palepale nilipokiacha, jirani na ile ikoni.

Sasa kidude hiki kimeundwa kikae mkononi. Ukikishika tu, dole gumba la kulia linatua kwenye pedi na shahada inaikumbatia R2, hata kama hujawahi kuona gemu maishani. Dole gumba la mzee likateleza nusu sentimita. Akawa anakipima uzito kwa kukirusharusha: moja, mbili. Kliki, kliki.

Skrini ya mkononi ikawa nyeusi. Upande wa gemu, ukiwa umeunganisha TV, kila kitu huenda kwenye TV, sauti pia. LibreOffice haikupata nafasi hata ya kuuliza kama nataka kuhifadhi.

"Kimezima," mzee akasema, akabonyeza A.

Ukurasa wa kwanza wa upande wa gemu huanza na gemu uliyocheza mwisho, na A huifungua. Kwa maandishi ya kuonekana toka jikoni TV ikasema: Last Played, Today. Play Time, saa 214. Na mimi nilikuwa nimefungua kikao kwa kuomba radhi kwamba macho ni mekundu kwa sababu sikulala, nilikuwa na bajeti.

Binamu mmoja mwenye roho mbaya akatoa simu. "Mia mbili na kumi na nne gawanya kwa ishirini na nne... siku tisa kasoro kidogo. Bila kula."

Mzee akabonyeza A tena. Mpira ukaanza, watangazaji wakapayuka kwa sauti kamili, na rimoti alikuwa ameikalia shangazi.

Nilipokipata kidude mkononi nikafunga gemu, nikashikilia kitufe cha kuwashia, Switch to Desktop, nikasubiri. LibreOffice ikaniuliza kama irejeshe faili. Kwa kawaida hujiwekea akiba kila dakika 10, na unaweza kuipunguza kwenye Tools, Options, Load/Save, General. Mimi nilikuwa sijaipunguza. Ikarudisha majina manne.

Ikabidi watu saba wasimame tena, na kitu kilichozipata zile ahadi hakimo kwenye mwongozo wowote wa Linux. Aliyesema laki mbili akakumbuka laki na nusu. Mwingine akadai yake aliilipa taslimu, muulizeni mweka hazina, na mweka hazina hakuwepo. Mjomba wa laki tano akasimama, akakohoa. "Mimi nilisema tatu."

Shangazi akafungua pochi, akatoa daftari la shule la kurasa 48 na kalamu iliyotafunwa. Akalamba kidole, akafunua. "Tano. Ulisema mara mbili, nimeandika mara mbili. Nijumlishe?"

Mjomba akakaa.

"Basi kama daftari lipo," mwenyekiti akasema, akininyoshea mkono, "lete hicho kitu. Nilikuwa naongoza moja bila."

Tulimaliza ajenda ya chakula, mapambo na kamera kwa kalamu, tukipiga kelele kuwashinda watangazaji. Tulipofika kwenye keki mzee akageuka.

"Katibu, hapa wanaandika asilimia nane. Zima hiyo feni."

Feni ikazimwa.