Grisi ya Liemba

Corolla yangu ya mwaka 1993 ilipofikisha kilomita 387,000 ilianza kugonga kama cherehani ya mshonaji mwenye nguo za Idi. Injini ikishapata moto, kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, taa ya oili inanikonyeza. Fundi wangu wa Mwanga, hapa Kigoma, mzee asiyependa maneno mengi, alifungua kava ya hedi, kile kichwa cha injini, akaishika kemshafti, chuma kirefu kinachozunguka kufungua valvu, kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikacheza.

"Mwalimu, hapa inapozungukia pamelika. Na hedi hii haina beringi za kubadilisha, chuma kinazunguka kwenye aluminiamu tupu. Ama tujaze tuchonge upya, ama tutafute hedi nyingine Dar."

Nikauliza bei. Akaitaja. Nikamwambia nitapita Jumatatu. Sikusema ya mwaka gani.

Balaa langu ni kwamba nafundisha historia. Wiki hiyohiyo nilikuwa nawaeleza kidato cha pili habari za Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani kabla ya kuizamisha mwaka 1916 waliipaka injini grisi nene, na Waingereza walipoiibua 1924 wakaikuta bado nzima. Chaki ikanigandia mkononi. Grisi iliyolinda injini ya meli chini ya ziwa, itashindwa na ki-Corolla?

Jioni nikafungua vifuniko vyote kumi vya kemshafti, nikashindilia grisi kwa kijiko cha mke wangu cha kuchotea mawese, nikafunga. Kuwasha, injini inanguruma kwa adabu! Nikamwita mke wangu aje asikilize. Akasikiliza, halafu akauliza kijiko chake kiko wapi.

Kesho yake nikampakia mama mkwe kumrudisha Ujiji, dumu la mawese mapajani, kifuniko chake kile cha kulegea. Katikati ya njia injini ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, kisha pa! Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti, huo umekatika. Kwa woga nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama, mawese yakaendelea na safari.

Fundi alipofungua alikaa kimya muda mrefu, kama mtu aliyefika msibani.

"Vitundu vya oili umeviziba vyote. Kemshafti imekauka, imeng'ang'ania. Na hivi vifuniko, mwalimu, si vina namba na mshale? Vilichongwa pamoja na hedi, kila kimoja na pake. Tatu umeiweka kwa nne."

Nikajitetea kwa Liemba, mwaka na kila kitu.

"Ile walipaka grisi ili ilale," akasema. "Wewe ulitaka kwenda Ujiji."

Mama mkwe, rangi ya chungwa kuanzia kiunoni hadi kwenye kandambili, alishapanda bajaji bila kuaga.

Hedi ilikuja kwa treni kutoka Dar. Juu ya bei ileile niliyoikimbia nikaongeza mkanda, doti moja ya kanga, na kijiko.