Chai Yangu Imenuka Mafuta ya Taa

Jumamosi nilimwaga sufuria nzima ya chai. Nilimlaumu ng'ombe, nikamlaumu mama wa kioski aliyenipimia lita mbili hapa Free Area, hadi kijana wangu akakiri: stima ilipopotea wiki iliyopita, alitumwa mafuta ya taa akabeba mtungi wetu wa maziwa. "Lakini niliuosha, mum."

Aliuosha! Jamani, plastiki hii nyeupe, ile yenye pembetatu na namba 2 chini yake, hunywa mafuta ya taa. Yanaingia ndani ya plastiki yenyewe. Sugua kwa mchanga, tia ndimu, anika juani mpaka vumbi la Nakuru likuchoke. Siku utakayotia maziwa utaonja koroboi.

Tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku Kenya Agosti 2017, sote tumekuwa mabingwa wa kutotupa kitu. Vizuri sana. Ila mtungi mmoja Jumatatu una maziwa, Jumatano jiki, Ijumaa mafuta ya taa, Jumapili uji wa mtoto, na tunajisifu eti tunatunza mazingira! Nyanya yangu kule Kericho alikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya Wakalenjin. Alikisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, na hakuna aliyethubutu kukitia hata maji ya kunywa. Kilipopasuka kilishonwa, kikarudi kwa maziwa.

Na huo mtungi wa maziwa, tafadhali, usiuanze na maji moto, yanagandisha maziwa kwenye kuta. Maji baridi kwanza, kisha vuguvugu na sabuni. Ukishakwaruzika ndani, ustaafishe: utoboe, uning'inize nje ya choo uwe kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Wakati wa Corona kila ploti ilikuwa nacho. Vilienda wapi?

Najua Bodi ya Maziwa hutaka wachuuzi wabebe maziwa kwa mikebe ya chuma. Wana haki, sawa. Lakini ukisikia bei ya mkebe wenyewe, utaukumbatia mtungi wako.

Ule wa mafuta ya taa nimeukata, sasa unachota makaa. Sitapanda dania ndani yake, asiniambie mtu. Mpya wa maziwa nimeufunga uzi mwekundu shikioni. Kijana ameutazama, akaniuliza wa jiki tutaufunga rangi gani, maana uzi mwekundu ndio pekee tulio nao.